Kitanda Usichokilalia

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeunda programu ya tarakilishi huiona safi, maana yeye ndiye aliyekitandika kitanda. Kunguni tunawajua sisi tunaolala. Ndiyo sababu waundaji wenye busara hutuletea hojaji kutuuliza: je, mmeridhika?

Hojaji hizo huwa na kauli, nawe huchagua nambari, kuanzia 1, yaani sikubali kabisa, hadi 5, nakubali kabisa. Njia hii ilitokana na kazi ya Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeieleza katika andiko lake la mwaka wa 1932.

Muhula uliopita hojaji ya namna hiyo ilitufikia, kuhusu programu ya mazoezi ya Hisabati tuliyoletewa shuleni. Kauli zote zilikuwa za sifa: ni rahisi, inapendeza, inasaidia. Mara kengele ya chakula ikalia. Jirani yangu akanong'ona, "We, weka tano tupu, twende tukale githeri!" Wengi walifanya vivyo hivyo, wengine kwa njaa, wengine kwa kumwonea haya mgeni aliyesimama mbele yetu akitabasamu. Nani atamwambia mgeni usoni kwamba zawadi yake ina kasoro?

Ugonjwa huu una dawa. Mwaka wa 1986, John Brooke, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya tarakilishi huko Uingereza, alitunga hojaji fupi ya kauli 10. Moja husifu, inayofuata hulaumu, hivyo hadi mwisho. Katika kauli ya sifa, unatoa 1 kwenye jibu. Katika kauli ya lawama, unatoa jibu kwenye 5. Kisha unajumlisha yote na kuzidisha kwa 2.5, upate alama kati ya 0 na 100. Hebu piga hesabu mwenyewe: aliyeweka tano tupu hupata 50 tu! Haraka yake ya githeri imemuumbua.

Hata hivyo, dawa hiyo haitibu kila kitu. Darasani mwetu yumo msichana mwenye macho hafifu. Maandishi ya programu ile ni madogo kama sisimizi, wala hayawezi kukuzwa. Aliniambia, "Mimi niliweka moja. Sijui kama wataiona." Swali lake lilinikaa moyoni. Tuseme wenzake 39 waliweka 5. Wastani wa darasa utakuwa 4.9. Mgeni ataondoka akishangilia, na msichana yule ataendelea kukodoa macho mbele ya kioo. Wastani umemmeza mzimamzima.

Kwa maoni yangu, karatasi hizi zisiandikwe majina, ili asiwepo wa kuogopa. Chini ya nambari pawe na nafasi ya kueleza kwa maneno, kwa sababu 1 haisemi kunguni yuko wapi. Na atakayezikusanya aanze kusoma nambari ndogo kabla ya kutafuta wastani.

Nasi, wanafunzi wenzangu, tusome kila kauli kabla ya kujaza. Githeri itatungoja. Tano ya kumstahi mgeni haikuzi herufi hata moja.