Bundi wa Tarangire mwenye nyuso mbili

Wazazi wengi wanaopeleka watoto Tarangire wanawafuata tembo, na wakati wa kiangazi wanapata haki yao: makundi hushuka mtoni mpaka mtoto anachoka kuhesabu. Lakini mkikaa kivulini kula chakula cha mchana (shikeni ndizi zenu vizuri, tumbili wa pale hawabishi hodi), inueni macho kwenye matawi. Huenda yupo bundi mdogo, mfupi kuliko rula ya mwanafunzi, wa kahawia mwenye madoa meupe kama shanga.

Huyu haogopi jua. Huwinda hata mchana: hutulia tawini, hutikisa mkia kidogo, kisha hujitupa juu ya panzi, mjusi, panya, hata ndege anayekaribia kumlingana kwa ukubwa.

Mwambieni mtoto amtazame kisogoni. Hapo pana madoa mawili meusi yaliyozungushiwa weupe, macho kabisa! Wataalamu wengi wanaona ni kinga: adui anayemjia kwa nyuma hudhani ameshaonekana. Na maadui anao. Ndege wakubwa wawindaji humla, na ndege wadogo wakimgundua humzonga kwa kelele hadi ahame, maana wanajua anakula wenzao.

Waongozaji wa watalii huitumia chuki hiyo. Huiga mluzi wake: sauti fupifupi zinazopanda, kimya kidogo, halafu miluzi mirefu inayoshuka. Haichukui muda, chozi na shore wanajaa kichakani wakimtafuta bundi hewa. Watoto hufurahi sana na hutaka kujaribu. Waacheni mara moja au mbili, basi. Ndege mwenye makinda anayehangaika na adui asiyekuwapo anaacha kulisha.

Safari hii ina kazi nyingine nyumbani. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa ni uchuro, katumwa na mchawi, na kijana aliyemwangusha kwa manati alisifiwa. Mimi naona tunajipiga wenyewe. Bundi wanaokaa karibu na nyumba zetu wanafuata panya, na panya wanafuata mahindi tuliyoweka ndani. Ukimuua, panya wanabaki na gunia lako.

Maneno matupu hayamtoi mtoto hofu aliyopewa na bibi yake, wala si adabu kumfundisha amcheke bibi. Kumwona bundi mwenyewe, mchana kweupe, na mjusi mdomoni, kunasaidia zaidi. Ila jiandae. Geti la hifadhi haliko mbali na barabara kuu ya Arusha–Dodoma, na kabla hamjaifikia pale Kwakuchinja, kuna mtu kiti cha nyuma atakayeuliza: “Mama, sasa huyu mchawi wake yuko wapi?”