Kutoka Tochi hadi Kamera

Barabara ya Tirinyi inaingia Mbale, mashariki mwa Uganda, kupitia mtaa wa Namatala, na hapo dereva aliyekuja mbio tangu Iganga hukutana na kila kitu kwa mkupuo: bodaboda zimejipanga hadi ukingo wa lami, kina mama wa Kikaramojong wanavuka na mizigo kichwani, magunia ya mpunga wa bondeni yanashushwa, na mlima Wanale umeuziba upeo wote wa nyuma ya mji. "Mulembe," wanakusalimu. Wakishagundua u mgeni, wanahamia Kiswahili bila taabu.

Taksi hapa ndiyo daladala ya kwetu Tanzania, ya abiria 14. Nilitarajia nisikie humo habari za Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu. Wapi! Watu walikuwa wanabishana juu ya kamera.

Juni 2025 Uganda iliwasha mfumo wa faini usiohitaji askari: kamera inasoma namba ya gari, na faini inamfuata mwenye gari kwenye simu. Kuzidisha mwendo kwa hadi kilomita 30 kwa saa ilikuwa shilingi 200,000. Zaidi ya hapo, 600,000. Kanuni mpya nazo zilikuwa zimeshusha mwendo hadi 30 kwenye sehemu zenye watu wengi. Zikazuka kelele: vibao viko wapi? Kampuni ya Kirusi iliyoleta mitambo inachukua kiasi gani? Mwezi haukuisha, wizara ikausimamisha mfumo ili uangaliwe upya.

Kwetu Tanzania tunapigwa tochi ya kupimia mwendo. Trafiki, mwenye sare nyeupe kama wenzake wa hapa, hujibanza nyuma ya mwembe karibu na kibao cha 50, na madereva wa upande wa pili hukuwashia taa kukuonya. Ni udugu wa ajabu, maana unamlinda hata mlevi. Ukinaswa, unashuka na kueleza: mgonjwa, msiba, mtoto wa shule. Trafiki husikiliza. Wakati mwingine husikiliza kwa sababu zake.

Kamera haina masikio, na dereva wetu aliona hilo ndilo kosa lake kubwa. Mama mmoja kiti cha nyuma alimkatisha: kamera haiombi chai pia. Taksi nzima ikacheka, dereva akiwamo. Mimi nilikuwa upande wa mama, ila kwa sharti. Namatala, mwendo wa 30 si uonevu. Tazama tu wanaovuka. Uonevu ni kumtoza mtu 30 mahali ambapo hakuna kilichomwambia kwamba ni 30. Kibao kingetangulia, faini ifuate, nadhani nusu ya ugomvi usingekuwapo.

"Kwenu faini ni ngapi, mzee?" dereva aliniuliza.

"Elfu thelathini." Nikamfafanulia kwamba shilingi yetu ina nguvu zaidi kidogo kuliko yao, lakini hata hivyo 200,000 yao ni zaidi ya mara nne ya faini yetu.

Alifikiri hadi tukapita daraja. "Basi nyinyi mnanunua mwendo," akasema.

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka wenye malori ninaowafahamu, ambao huandika pesa ya tochi kwenye bajeti ya safari, mstari mmoja chini ya dizeli, kabla gari halijawashwa.