Bwawa la Nairobi na Swali la Mwanafunzi

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata. Niliwaeleza kuwa lilijengwa mwaka 1953 kuhifadhi maji ya dharura ya jiji, na kwamba watu walivua samaki humo na kushindana kwa mashua za tanga. Wakacheka. Mbele yetu palikuwa na magugumaji, takataka na uvundo. Yangeyange wawili walitembea juu yake kama walio nchi kavu.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, watu gani hao?"

Swali lilinizindua. Mwaka ule wa Hali ya Hatari, starehe za Nairobi ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Nami nilikuwa nikiomboleza mashua, wala sikutaja vyoo.

Majitaka ya Kibera huingia bwawani kwa sababu mtaa huo ulinyimwa mabomba kwa miongo mingi, si kwa sababu wakazi wake wanapenda uchafu. Ndugu zangu watumishi wa umma, kung'oa magugu pekee ni kukata matawi na kuuacha mzizi. Anzeni na vyoo. Mashua zikirudi, mtoto wa Kibera naye apande.