Zaka ni ya Kutoa, Sadaka Inaweza Kukopeshwa

Leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni, nikueleze kosa langu mwenyewe. Huenda likakusaidia.

Msimu mmoja wa mavuno nilimshauri mama mmoja mjane, muuza vitumbua hapa kwetu, anunue mahindi yakiwa bei ya chini, ayatunze kwenye mifuko ya kinga njaa, auze Januari bei ikipanda. Ushauri wa kuhifadhi ulikuwa sahihi. Nilichosahau ni kumuuliza fedha atatoa wapi. Akaenda kwa wakopeshaji wa "kausha damu", akachukua shilingi 400,000, arudishe 520,000 kwa wiki 12. Akanunua magunia manane. Wiki ya pili marejesho yakaanza, na mahindi bado yako bei ileile. Kufikia Septemba alikuwa ameuza magunia yote, bado anadaiwa 120,000, na faini juu yake.

Mimi si Mwislamu, ila yeye ni Mwislamu, na nilijua msikitini kwao hukusanywa zaka. Nikaenda kwa shehe na wazo nililoliona zuri: zaka igeuzwe mfuko wa mikopo isiyo na riba, izunguke kwa wajane na vijana. Shehe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Bwana shamba, mtu akikupa haki yako, anaweza kukudai tena?"

Akanifafanulia. Zaka ni haki ya mafungu manane ya watu waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, wakiwemo mafukara, masikini na wenye madeni. Wanazuoni wengi wanasema anayepewa lazima amilikishwe. Ukimkopesha, unamdai kilicho chake. Sadaka ya hiari ni jambo jingine: mtoaji akiridhia, inaweza kukopeshwa bila riba. Huo ndio mkopo mwema, wenyewe huuita kardhi hasan.

Basi ikawa hatua mbili. Wazee walimsindikiza mama kwa mkopeshaji, faini ikafutwa, na zaka ikalipa ile 120,000, kwa kuwa sasa alikuwa katika fungu la wenye madeni. Msimu uliofuata alikopeshwa 200,000 za sadaka, arudishe mara moja mwishoni mwa Januari. Alinunua magunia manne, akayauza bei ilipopanda, akarudisha 200,000 kamili. Faida ilibaki kwake.

Kwa wanaotaka kuanzisha mfuko kama huo, nashauri haya:

1. Wekeni madaftari mawili, la zaka na la sadaka. Msichanganye fedha, na mtoaji wa sadaka aambiwe mapema kwamba itakopeshwa.

2. Marejesho yafuate msimu. Muuza vitumbua anaweza kurudisha kila wiki. Anayehifadhi mahindi hawezi, mngojeeni Januari.

3. Msitoze faini. Qurani, Surat Al-Baqara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafuu.

4. Anzeni na kiasi kidogo, na mkopaji awe na biashara anayoijua tayari.

Jambo hili si ndoto. Huko Lahore, Pakistan, Akhuwat ilianza mwaka 2001 kukopesha watu wa kipato cha chini bila riba, na mikopo yake hutolewa misikitini na hata makanisani. Kwetu Ndalambo, Waislamu na Wakristo tunapakana mashamba, kwa hiyo hilo la mwisho lilinigusa.

Na wewe mkulima Mwislamu, usisahau kwamba zaka haiko kwenye fedha za benki tu. Nafaka ikifika takriban kilo 653, yaani karibu magunia saba ya kilo 100, hutolewa asilimia 10 kama shamba ni la mvua, na asilimia 5 kama umemwagilia kwa gharama. Muulize shehe wako akuhesabie.

Mimi nami nimebadilika. Siku hizi, kabla sijamwambia mtu anunue gunia hata moja, namuuliza kwanza: mama, fedha hiyo unaitoa wapi, na utairudisha lini?