Kipimo cha Sokoni na Kipimo cha Nyumbani

Katika soko la Mbugangari, mjini Gisenyi, mama wa nyumbani hutazama mizani kabla ya kutazama maharage. Ana sababu. Fedha aliyoifunga kwenye pindo la kitenge ni ya siku moja tu. Muuzaji akimpunja, upungufu huo hautaonekana sokoni. Utaonekana jioni, sahani ya mtoto wa mwisho itakapopakuliwa. Ni wachache wanaodhani kwamba jambo dogo kama hilo linahusu ukombozi wa roho. Walakini kipo kitabu cha kale kisemacho kwamba linahusu.

Kitabu hicho ni Tattvartha Sutra, cha dini ya Wajaini wa Bara Hindi. Kiliandikwa kwa lugha ya Kisanskriti na mwanachuoni Umasvati, ambaye wengine humwita Umasvami, baina ya karne ya 2 na ya 5. Kina sura 10, na ndani yake mna kauli fupi fupi zipatazo 350. Madhehebu makubwa mawili ya Wajaini hayapatani katika mambo mengi, lakini yote hukiheshimu kitabu hiki. Wala dini hiyo si ngeni Afrika Mashariki: wafanyabiashara wa Kioshwali kutoka Gujarat walianza kufika Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na hekalu lao la Mombasa lilifunguliwa mwaka 1963.

Umasvati afundisha kwamba njia ya ukombozi ni mambo matatu yaendayo pamoja: kuamini sawasawa, kujua sawasawa na kutenda sawasawa. Matendo ya mtu huiganda roho yake kama vumbi jeusi la volkeno linavyoganda kwenye nguo mbichi. Ili vumbi hilo likome, mtu huweka nadhiri tano: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na tamaa za mwili, na kutojilimbikizia mali. Mtawa huzishika kikamilifu. Mwenye nyumba na watoto huzishika kwa kadiri ya maisha yake.

Hapo ndipo kitabu kinaposhuka sokoni. Katika makosa yanayovunja nadhiri ya kutoiba, chataja kununua mali ya wizi, kutumia vipimo visivyo sawa, na kuuza kitu cha bandia kwa jina la kitu halisi. Kwa hiyo aliyebonyeza kitako cha kopo lake, au aliyechanganya maharage mapya na yaliyobunguliwa, asijitetee kwamba hakuingia nyumba ya mtu usiku. Amekwisha kuiba, tena mchana, huku mteja akimshukuru.

Lakini mama mnunuzi naye asifurahi upesi. Katika makosa yanayovunja nadhiri ya kutodhuru, kitabu kinataja kumfunga kiumbe, kumpiga, kumkata kiungo, kumtwika mzigo kupita kiasi, na kumnyima chakula na maji. Basi mama huyo aliyedai kipimo cha haki sokoni arudipo nyumbani, amtazame binti anayemfanyia kazi. Je, binti huyo hubeba kapu kichwani na bidoni la maji mkononi kwa safari moja? Je, hula wakati gani, na hula nini? Huenda kipimo kilichokataliwa sokoni ndicho kinachotumika jikoni.

Kitabu hicho chasema pia kwamba kazi ya viumbe hai ni kufaana. Gisenyi yajua maana yake. Mlima Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kuingia Gisenyi. Siku zilizofuata, matetemeko yakapasua nyumba za Gisenyi pia, na wenyeji wengi wakahofia kulala ndani. Aliyekuwa mwenyeji juzi akawa mhitaji leo.

Hapana haja ya kuifuata dini ya Wajaini ili kuona kwamba neno hili ni la kweli. Mizani ya sokoni ina mkaguzi, na mteja aliyepunjwa aweza kupiga kelele. Mizani ya nyumbani haina mkaguzi, na anayepunjwa humo mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa hana kwingine pa kulala. Kwa sababu hiyo, yafaa mwenye nyumba aikague mwenyewe, kila jioni, kabla ya kupakua.