Udogo Ulioiokoa La Trochita

Kazi yangu ni injini za mvuke. Nimechochea moto wake safarini, na sasa naunda vipuri vyake katika karakana ya El Maitén, mkoani Chubut, kusini mwa Argentina. Wageni wanaokuja kupanda treni yetu, La Trochita, huuliza: injini zilizonunuliwa mwaka 1922 zimedumuje hadi leo? Wengi hutarajia nisifu chuma cha zamani. Mimi huwajibu kwamba zimedumu kwa sababu ni ndogo.

Reli yetu ina upana wa sentimita 75 tu. Upana huo ulichaguliwa kwa ajili ya gharama: serikali ilitaka kuifikisha treni kwenye mabonde ya Patagonia, nchi ya kondoo, upepo na watu wachache, na fedha haikutosha kujenga reli pana. Reli nyembamba huweza kuuzunguka mlima pale ambapo reli pana ingelazimika kuupasua. Ndiyo maana katika kilomita 402 kati ya Ingeniero Jacobacci na Esquel kuna kona zaidi ya 600, lakini handaki ni moja tu. Hata kwa unafuu huo ujenzi ulikwenda kwa kusuasua. Reli ilifika Esquel mwaka 1945, injini zikiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 20.

Tunazo za aina mbili: Baldwin za Philadelphia, Marekani, na Henschel za Kassel, Ujerumani. Zote zina magurudumu mawili ya kuongoza mbele, manane ya kuvuta katikati na mawili nyuma. Atakayezuru makumbusho ya reli mjini Nairobi ataukuta mpangilio huohuo kwenye injini zilizowahi kuvuta mizigo Afrika Mashariki, ingawa zile ni kubwa kuliko zetu.

Wasiozijua hudhani mchochea moto hushinda na sepetu akirusha makaa. Sisi tunachoma mafuta mazito. Wakati wa baridi huganda yakawa kama uji uliolala, basi lazima yapashwe moto kwa mvuke kwanza ndipo yatiririke. Yakifika kwenye tanuru, mvuke huyapuliza yakawa ukungu, yakawaka. Mkono wangu mmoja hukaa kwenye valvu ya mafuta, jicho moja kwa dereva na jingine kwenye dohani. Dereva akifungua mvuke, naongeza mafuta papo hapo, akifunga, napunguza. Nikichelewa kupunguza, moshi mweusi unatoka na masizi yanaganda ndani ya mabomba ya boila. Nikipunguza kupita kiasi, moto unazimika. Moshi mwepesi wa kijivu ndio dalili ya moto mzuri. Kwenye njia yenye kona na miinuko kama hii, hakuna nafasi ya kukunja mikono.

Masizi yakizidi, natupia mchanga kidogo kwenye tanuru injini ikiwa inavuta kwa nguvu. Mchanga hupita kwenye mabomba ukiyasugua, na wingu jeusi hutoka juu. Abiria hupiga picha. Kwetu ni usafi tu. Jambo lisilo na mzaha ni maji. Yakishuka hadi paa la tanuru likabaki wazi, chuma hulainika kwa joto na boila inaweza kulipuka. Kwa hiyo kioo cha maji hutazamwa kabla ya kitu kingine chochote.

Udogo wa injini huonekana zaidi karakanani. Hakuna duka linalouza vipuri vya injini hizi. Kikiharibika kitu, tunakisubu, tunakifua au tunakikereza wenyewe. Mabomba ya boila yaliyochoka tunayatoa na kupachika mapya. Kwa kuwa kila kitu kina kimo cha wastani, karakana ya mji mdogo inaweza kukinyanyua na kukitengeneza. Injini ya reli pana ingetaka kreni kubwa, mashine kubwa na bajeti ambayo mji wetu haujawahi kuiota.

Mwaka 1993 serikali kuu ilipoondoa mkono wake, udogo huo ulikuwa na thamani. Mikoa ya Chubut na Río Negro iliweza kuubeba mzigo ambao taifa liliutua. Mwaka 1999 reli ilitangazwa kuwa urithi wa kihistoria wa taifa. Siku hizi safari inayojulikana zaidi ni fupi, kutoka Esquel hadi Nahuel Pan, kwenye jamii ya Wamapuche-Tehuelche, ambako abiria hushuka kununua kazi za mikono.

Nashukuru kwa hadhi hiyo, lakini hadhi haikazi bolti. Sauti ya bomba linalovuja huwezi kuifundisha kwa kitabu. Kijana hana budi kusimama kando ya mzee, wakaisikia pamoja. Basi kwa yeyote anayetaka kuhifadhi injini ya mvuke, iwe Patagonia au kwenu, nina ombi moja: kabla ya kununua rangi, tenga posho ya wanagenzi.