"Nimemwachia Mungu" ilikuwa kiburi changu

Watu wangu, leo hakuna vichekesho. Leo nakiri kitu.

Mwaka jana kwaya yetu ya vijana hapa Kibomet ilikuwa ikichanga pesa za kitambaa cha sare. Rafiki yangu wa karibu ndiye alikuwa akizipokea. Siku ya kuhesabu, shilingi 3,200 hazikuonekana. Badala ya kumpigia simu, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp, kwaya nzima ikisoma: "Kumbe siku hizi pesa za Mungu zina miguu?" Naye akanijibu hapo hapo kwamba mimi huja kanisani kwa sababu ya kamera, si kwa sababu ya Yesu.

Iliniuma, bana. Iliniuma zaidi kwa sababu kulikuwa na ukweli kidogo.

Wiki mbili baadaye nikaona risiti kwa macho yangu. Zile pesa zilikuwa zimelipia sehemu ya matatu ya safari yetu ya Bungoma. Hakuna aliyeiba. Na bado nikanyamaza, miezi minane. Jumapili naimba, nainua mikono, na yeye amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Baadaye akahamia Bungoma kusoma, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. Mtu akiniuliza habari zake, jibu lilikuwa moja: "Nimemwachia Mungu."

Si hiyo ndiyo sentensi yetu? Inasikika kama imani kabisa. Lakini kwangu ilimaanisha: sitaki kumtafuta, Mungu atembee badala yangu.

Desemba nilienda kumsalimia kukhu, nyanya yangu, huko Bungoma. Yeye ni mtu wa Uamsho, wale ndugu wa ushirika. Akaniuliza, "Na yule mwenzako wa kuimba?" Nikasema, "Nimemwachia Mungu, kukhu." Akacheka. "Na Mungu amekuachia wewe nini?"

Halafu akanipa hadithi ya Festo Kivengere. Kama humjui, huyu alikuwa askofu Mwanglikana wa Kigezi, Uganda, yule aliyekimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa wakati wa Idi Amin. Zamani kabla ya hapo, Kivengere alikuwa akihubiri pamoja na rafiki yake, William Nagenda. Watu wakimsifu Nagenda, Kivengere alikuwa anaungua ndani. Akaanza kutafuta makosa katika kila neno la mwenzake. Wako jukwaa moja, wanahubiri Yesu mmoja, na moyo umejaa wivu. Mwishowe hakuishia kumwambia Mungu peke yake. Alimwendea Nagenda mwenyewe, akamwambia: nimekuonea wivu, nisamehe. Wakakumbatiana wakilia. Hadithi hii tunaijua kwa sababu Kivengere mwenyewe aliisimulia. Hakuificha hata alipokuwa mtu mkubwa.

Hivyo ndivyo Uamsho ulivyokuwa tangu ulipotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuingia huku Kenya. Watu walikiri dhambi kwa kuzitaja, na walioiba wakarudisha vitu. Waliita kutembea nuruni.

Usiku huo nikasoma Mathayo 5, pale Yesu anasema uache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Nimeisikia mara mia. Lakini nilikuwa sijawahi kuona kwamba hazungumzii kinyongo chako kwa ndugu yako. Anazungumzia ndugu aliye na neno juu yako wewe. Yaani mimi ndiye wa kutoka. Kupiga magoti chumbani ilikuwa rahisi, kwa sababu huko hakuna aliyeniuliza habari za risiti.

Nikaanza na kundi la kwaya, kwa sababu nilimchafulia jina mbele ya watu, si gizani. Nikaandika ukweli wote. Mara tatu nikajikuta nimeandika "lakini yeye pia", mara tatu nikafuta.

Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu Kitale. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, roho inadunda njia nzima. Nikamkuta anafua nje ya chumba chake.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Afadhali ungekuwa hukujua." Na baadaye, "Nimekusikia. Nipe muda."

Ukweli? Nilitaka kusikia "nimekusamehe" ndiyo nirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Ndani ya matatu ndipo nikaelewa kwamba hata hicho kilikuwa kiburi, kumpangia mtu niliyemuumiza ratiba ya kupona kwake.

Na usinielewe vibaya. Kama wewe ndiwe uliyepigwa, au uliyedhulumiwa na mtu wa kanisani, sisemi uende ukaombe msamaha kwa aliyekuumiza. Usikubali mtu akufunge mdomo kwa neno "unyenyekevu". Kaa salama, zungumza na mtu unayemwamini. Hapa naongea na sisi wenye deni.

Bado hatujarudi tulivyokuwa. Wiki iliyopita alinitumia sauti ya sekunde kumi na mbili, akinirekebisha noti niliyokosea kwenye video ya kwaya. Hakusalimu, hakusema kwaheri. Nimeisikiliza kama mara ishirini.

Kwa hivyo niulize tu: yule uliyemwachia Mungu, risiti iko kwa nani? Kama iko mfukoni mwako, Mungu hajachelewa. Wewe ndiye unayengojewa.